Wengine Wote kwa Jumla

2 Aprili

Kwako Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KUFAFANULIWA MATUMIZI YA NENO "JUMLA"

Tafadhali husika na kichwa cha barua kilichotajwa hapo juu. Awali ya yote ninayo heshima kukuuliza hali ya afya yako, hususan goti la kushoto, ambalo tuliarifiwa kuwa linakusumbua unapopanda ngazi za kiwandani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mafua ya hapa na pale ambayo hayastahili kuandikwa.

Madhumuni ya barua hii ni kuomba ufafanuzi juu ya neno moja tu.

Kama ujuavyo, barua zako zikifika hapa nyumbani husomwa kwa sauti. Binti yako hukaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, watoto huketi mkekani, shangazi yao huzima redio, na mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, fundi viatu, huitwa aje asikilize kwa kuwa naye hutajwa. Mimi husimama mlangoni, kwa sababu nguo zangu za kazi zina masizi na vumbi la chuma.

Barua yako ya mwezi uliopita ilisomwa kwa utaratibu huo. Ulimsalimu binti yako. Ukawasalimu wajukuu, yule mwenye pengo na yule anayedeka. Ukamsalimu shangazi yao na kumuuliza kama bado anabishana na redio. Ukamsalimu fundi viatu na kutaka kujua kama kidole alichojipiga nyundo kimepona. Kisha ukaandika, nami ninanukuu: "Na wengine wote kwa jumla."

Baba Mkwe, nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Nyumba hii ina watu sita. Ukishawataja watano, anayebaki ni mimi. Hapo nyuma nilijifariji kwamba ninagawana nafasi hiyo na paka, lakini mwezi wa pili uliuliza kama paka amezaa. Kwa hiyo wengine wote ni mimi peke yangu, na kwa kadiri ya uelewa wangu mtu mmoja hawezi kuwa wengine wote.

Shangazi yao hakuniacha. Aliniambia, "Fundi, jumla yako hiyo imefika, ipokee isije ikalala nje." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa maana kicheko cha ndani ya nyumba yako mwenyewe huna pa kukikwepea.

Nisingekusumbua kwa sababu ya salamu peke yake. Nimezizoea kwa miaka minane. Ila katika barua hiyo hiyo umetujulisha kwamba tarehe thelathini Juni utaagwa rasmi kazini, baada ya utumishi mrefu katika kiwanda cha sabuni, na umeandika: "Mje wote kwa jumla." Binti yako ameshapeleka kitambaa kwa mshonaji. Watoto wanaimba. Mimi sijui nishike lipi. Mlinzi wa geti akiniuliza mimi ni nani wa mzee, nimjibu kwamba mimi ni wa jumla?

Hivyo basi ninaomba unifafanulie: katika neno hilo, nimo ama simo?

Ninatanguliza shukrani.

Mkweo,
Fundi wa vyuma


11 Aprili

Mkwe,

Marahaba. Goti lipo, ngazi zipo, tunaendelea kuchukiana. Hayo mafua msiyadharau, kunyweni maji ya moto.

Barua yako nilipoifungua nilidhani imetoka idara ya maji, nikaanza kujiuliza bomba gani nimelikata. Nilipoona ni wewe nikakaa chini nikaisoma tena, safari hii nikiwa na miwani.

Unauliza jumla. Jumla, mkwe, ni baraza pana. Kila mtu ana pa kukaa na hakuna anayesukumwa. Mvua haibishi hodi mlango kwa mlango, na bado mchicha wako unaota. Ninaowataja mmoja mmoja ni watu wa kubembelezwa. Nisipomtaja shangazi yao atanuna mpaka mwezi uandame. Nisipomtaja fundi viatu, kiatu changu kitarudi na msumari ndani. Wewe ni mtu mzima, una masharubu, una mashine inayotoa cheche. Ya nini kukubembeleza?

Sisi kiwandani tukisema kwa ujumla hali ni nzuri, maana yake leo hakuna aliyeungua. Ni neno la heri. Tulia nalo.

Msalimie binti yangu, mwenye pengo na mwenye deko, shangazi yao, fundi viatu, paka na wanawe, na wengine wote kwa jumla.

Baba Mkwe


19 Aprili

Kwako Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo.

YAH: MAJIBU YA BARUA YAKO YA TAREHE 11 APRILI

Ni matumaini yangu kuwa goti limepata nafuu. Sisi ni wazima. Maji ya moto yalinywewa kama ulivyoagiza. Paka anashukuru.

Nimeisoma barua yako kwa makini na ninakiri kwamba ina ufasaha mwingi. Hata hivyo ninalazimika kueleza kuwa haikujibu swali.

Mimi si msomi. Maneno ninayoyajua niliyaokota njiani na kuyafuta vumbi mwenyewe. Lakini neno hili nimelifuata kila linapokwenda. Dukani ninakonunua misumari, kinachouzwa kwa jumla huchotwa kwa koleo na kumiminwa katika gunia. Hakuna anayeutazama msumari mmoja usoni. Mwenyekiti wa mtaa wetu akisimama na kusema, "Simsemi mtu, nasema kwa ujumla," sote hugeuka kumtazama mtu mmoja, na mtu huyo hutazama viatu vyake. Daktari akimwambia mgonjwa kwamba kwa ujumla anaendelea vizuri, mgonjwa huuliza papo hapo, "Na mguu?" Kwa hiyo nimeona kwamba jumla huweza kusema kweli juu ya watu wote bila kumwambia kitu mtu hata mmoja.

Kuhusu mvua: ni kweli haibishi hodi. Lakini wewe si mvua, wewe ni mkwe wangu.

Kuhusu baraza pana: ninalikubali. Ila aliyekaa barazani, Baba, bado hajakaribishwa ndani.

Ninarudia ombi langu, nimo ama simo? Na kama lipo jambo nililolitenda, ninaomba nilijue kwa jina lake.

Mkweo,
Fundi wa vyuma


3 Mei

Mkwe,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilikuwa nimeamua nisikujibu. Mama mkwe wako kaniona nazunguka na barua yako mfukoni wiki mbili akadhani nimeandikiwa na daktari. Haya, umelitaka kwa jina lake, nyoosha mkono ulipokee.

Ulipomtaka binti yangu hukumtuma mtu. Uliandika. Kuandikiwa sikatai. Lakini bahasha uliileta hapa kazini, na juu ya bahasha, na ndani yake, mahali pa kuniandika mimi, uliandika: "Kwa yeyote anayehusika."

Karani akaifungua. Angeiachaje? Utaratibu wetu ni kwamba barua isiyo na mwenyewe ni ya wote. Hubandikwa ubaoni, kwenye njia ya kwenda kula, watu wasome, anayehusika ajitokeze. Akaibandika kati ya ratiba ya zamu na tangazo la buti zilizopotea. Mimi siku hiyo nilikuwa juu kwenye matangi, sabuni inachemka, hata kushuka kunywa maji siwezi. Nilipokuja kushuka nikakuta watu wamejaa pale, wakaanza kunipisha njia kama bwana harusi. Wakata miche ya sabuni wote, wapakiaji wote, hadi wafagiaji, walijua kabla yangu kwamba yuko kijana "mwenye tabia njema na vifaa vyake mwenyewe" anayeomba kuoa kwangu. Mmoja alikuwa ameshaandika pembeni kwa penseli: "Mimi sihusiki, nina mke."

Kuna mpakiaji, mzee wa utani, akaniuliza watu wote wakisikia, "Bosi, anayehusika ni wewe, au tuendelee kumtafuta?"

Tangu hapo ndilo jina langu. Mashine ikikwama, mwiteni Anayehusika. Mvuke ukivuja, Anayehusika yuko wapi. Vijana walioajiriwa juzi wananiita hivyo na hawajui lilikotoka, wanadhani ni cheo.

Nyumbani sikusema kitu. Hata mama mkwe wako sikumwambia. Wajomba zake binti walikusifu, mwenyewe alikuwa ameshapenda, nikasema haya, na aolewe. Yeye nilimruhusu aende. Wewe sikukupa mtu. Posa ya binti yangu wa kwanza, jambo ambalo baba huombwa mara moja, ililetwa kwa yeyote. Uliniandikia kwa jumla, nami nakusalimu kwa jumla. Ngoma droo.

Sasa unajua. Tarehe thelathini ukija, geti ni pana. Usipokuja pia, geti ni pana.

Salamu leo sina.

Baba Mkwe


29 Mei

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo.

Leo sikuweka kichwa cha barua. Nilijaribu vichwa kadhaa na hakuna kilichotosha.

Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Ninakuombea na wewe uzima, pamoja na goti.

Barua yako haikusomwa sebuleni. Niliisoma mwenyewe karakanani, kisha nikampa binti yako. Aliisoma mara mbili, halafu akaniuliza, "Kweli uliandika hivyo?" Nikamwambia ndiyo, tena kwa wino mweusi. Akaenda kuanua nguo, zikiwa bado mbichi. Ndiyo sababu jibu langu limechelewa. Nilitaka kwanza nijue la kusema.

Sikuwa na baba wa kumtuma, wala mjomba. Aliyetulea mimi na shangazi yao alikuwa mama mmoja aliyeuza mkaa, naye alifariki kabla sijaota ndevu. Adabu ya maneno niliipata kazini. Nilikuwa ninafunga vyuma vya madirisha katika ofisi za watu, na nikisubiri chuma kipoe ninasoma yaliyobandikwa ukutani. Katika ofisi moja yenye milango ya vioo, kila tangazo lilianza na maneno yale, na watu wazima walikuwa wanayasoma wakiwa wamevua kofia. Nikaamini kwamba hayo ndiyo maneno makubwa kuliko yote. Siku nilipotaka kuomba jambo kubwa kuliko yote, nikayachukua hayo.

Wala haikuwa kwamba sikukujua. Kiwanda chenu kiliniita kuchomelea bawaba ya geti. Zamu ilikuwa inaingia, na wewe ulikuwa umesimama kando ukitazama mikono ya kila mtu. Kijana mmoja akaja na glavu iliyotoboka. Hukumgombeza. Ulivua zako ukampa, ukaenda kwenye matangi na mikono mitupu. Muda si mrefu binti yako akaja getini kukuletea miwani uliyoisahau, na hapo ndipo nilipomwona. Ningeweza kuandika: Kwa mzee aliyevua glavu zake. Karani asingekosea, wala asingethubutu kuifungua. Mtu mmoja kamili nilikuwa naye mbele ya macho yangu, nikaenda kumfunika na neno la watu wote kwa kuwa lilikuwa linang'aa.

Binti yako na wajukuu watakuja tarehe thelathini, na shangazi yao. Mimi nitabaki na kazi. Ninaliondoa ombi langu la tarehe 2 Aprili. Salamu zako ziendelee kama zilivyo. Ni haki yako.

Mkweo


10 Juni

Mkwe,

Marahaba.

Ombi la kuondoa ombi limekataliwa.

Barua hii ni yako wewe: mume wa binti yangu mkubwa, fundi wa vyuma, mwenye kovu la moto kwenye kidole gumba, anayekohoa kabla ya kuingia ndani hata kwake mwenyewe, anayeandika kama serikali. Hakuna mwingine wa namna hiyo na Mungu atuepushe asizaliwe wa pili.

Njoo. Vaa viatu vya kufunga, sakafu ya huku inateleza.

Kijana yule wa glavu nilikuwa nimemsahau. Siku hizi ndiye msimamizi wa wakata miche.

Baba


4 Julai

Kwako Baba,

Shikamoo.

YAH: POSA

Tafadhali husika na kichwa cha barua kilichotajwa hapo juu. Tulifika salama, sote tu wazima, na viatu vyangu bado vinanuka sabuni, jambo ambalo fundi viatu analisifia kwa majirani.

Kabla ya kuingia katika madhumuni, ninaomba niandike yaliyotokea, kwa sababu wewe ulikuwa umekaa mbele na mambo mengine hukuyaona.

Getini mlinzi aliniuliza mimi ni nani wa mzee. Binti yako alitaka kujibu, nikamwomba asijibu. Nikasema, "Mimi ni mkwe wake, nimeitwa." Mlinzi akasema, "Aa, wewe ndiye," na akafungua mlango mkubwa, ule wa magari, ilhali sisi tulikuja kwa miguu. Hapo nikafahamu kwamba umekwisha kunitangaza.

Katika ukumbi wa chakula watu walikuwa wamebanana mpaka madirishani. Meneja alisema yake. Karani, ambaye sasa ana mvi, akasimama na kusema kwamba zawadi itakabidhiwa kwa anayehusika, na ukumbi mzima ukacheka kicheko cha miaka. Nilikutazama. Ulicheka pia, lakini ulikuwa unafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Sikuwa nimepanga kusema. Nilisimama kwa sababu miguu ilisimama. Nilimwomba karani ruhusa, akaniuliza mimi nani, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika ile barua. Nilisema kwamba miaka minane iliyopita nilileta ombi hapa kwa yeyote, na kwamba leo ninalileta kwa mmoja. Nikatembea kuja ulipokaa. Watu walinipisha njia. Nikapiga goti, sakafu ikaniongezea mwendo, nikakufikia mapema kuliko nilivyokusudia.

Nikasema, "Baba, ninakuomba wewe unipe binti yako."

Yule mpakiaji wa utani akapaza sauti kutoka nyuma, "Fundi, nyumba umeshaezeka, ndiyo unaomba kiwanja?" Watu wakavunjika mbavu. Binti yako alijifunika uso kwa upande wa kanga, na mwenye pengo akauliza kwa sauti kama mama anahama.

Wewe hukucheka. Uliinuka, goti na yote. Ukawageukia wale watu wako, wa matangi, wa kukata, wa kupakia, ukawauliza kama wamesikia ni nani aliyeombwa. Wakajibu ni wewe. Ukawauliza tena, na sasa walijibu kwa kupiga meza. Ndipo ukaniwekea mkono kichwani na kusema neno moja, "Nimekupa."

Kelele zilizofuata sina ufasaha wa kuziandika. Nilichokiona ni kwamba wanaume waliokuita jina lile kwa miaka minane walipanga mstari kukushika mkono, na kila mmoja alilitaja: Anayehusika, hongera. Anayehusika, umejibu. Hakuna aliyekuwa anacheka. Msimamizi wa wakata miche alikuja na glavu zake kwapani, akatusalimu wewe na mimi, akaenda.

Njiani kurudi shangazi yao alitaka kunitania, akafungua kinywa, akakifunga. Ninaliandika hili kwa kumbukumbu kwa kuwa halijapata kutokea.

Sasa ninaingia katika madhumuni.

Jibu la mdomo nimelisikia, na kiwanda kizima kimelisikia. Lakini mimi ni mtu wa maandishi, na kosa langu lilikuwa la maandishi. Si haki lirekebishwe kwa mdomo peke yake. Karani, nilipomwambia kwamba nitaandika upya, aliniandama hadi getini akiomba barua mpya ikiwa tayari apewe, aibandike mahali pale pale watu waisome. Nimemkatalia kwa heshima. Barua hii haina nakala.

Kwa hiyo: kwako wewe, baba wa mke wangu, msimamizi wa zamu mstaafu, uliyevua glavu zako ukampa mtu mwingine, mimi, fundi wa vyuma, nisiye na mshenga, ninaleta posa ya binti yako mkubwa, ambaye amesoma barua hii, amesahihisha sehemu mbili, na amesema anakubali.

Ninaomba uamuzi wako.

Mwanao